Simu Isiyoshikwa

Sylvia hakuipenda simu inayolia. Kuandika ujumbe aliweza, tena upesi, vidole vikitangulia mawazo. Lakini simu ikianza kuita, moyo wake uliruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Marafiki zake wa chuoni walimzoea. Walijua ukimpigia hashiki. Ataiacha ilie mpaka ichoke, halafu baada ya muda utapata ujumbe: "Ulikuwa umenipigia?" Na kwa kuwa wao pia walikuwa hivyo hivyo, hakuna aliyemlaumu.

Basi kazi ya kwanza aliyoipata maishani ilipokuwa ya kushika simu, mama yake alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Anayeogopa maji, alisema, ndiye hutumwa mtoni.

Ofisi ilikuwa Naro Moru, kwenye jengo la mawe kando ya barabara ya Nanyuki. Ilipakana na kinyozi, na siku nzima mashine ya kunyoa ilisikika ikinguruma ukutani kama nyuki aliyefungiwa. Bango la mlangoni lilisema Kingori Huduma za Mifugo. Huduma yenyewe ilikuwa kupandisha ng'ombe wa maziwa kwa mbegu za madume ya mbali, mbegu zinazokaa ndani ya mtungi wa baridi kali unaofuka moshi mweupe ukifunguliwa. Ng'ombe akiingia joto, mkulima huita ofisini, na mhimilishaji, mwenye kazi ya kupandisha, hupanda pikipiki na glavu yake ndefu ya kufika begani. Akichelewa, joto hupita. Mkulima atangoja wiki tatu nyingine, akimkatia majani ng'ombe asiyemzalishia kitu.

Wahimilishaji walikuwa wawili. Steve alikuwa kijana wa Nyeri mjini, mwenye simu pana kama kitabu cha nyimbo, aliyeifunga kwenye usukani wa pikipiki ili imwonyeshe njia. Simiyu alikuwa mzee wa Kimilili aliyekuja huku Kieni akiwa hana ndevu, na sasa hizo ndevu zilikuwa nyeupe. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ya vitufe na tochi, iliyofungwa kwa raba ya kufungia sukumawiki ili betri isidondoke.

Daktari Kingori, aliyeanzisha ofisi hiyo, alikuwa amestaafu. Magoti na ugonjwa wa sukari vilimrudisha nyumbani kwake Kiganjo, alikoishi peke yake na redio. Binti yake Wendy ndiye aliyeshika usukani, na aliuendesha akiwa Nyeri. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa mishahara kwa wakati na hakupaza sauti. Alipoingia tu, alileta sistimu: kila mkulima ajiandikishe, kila kazi itokee kwenye simu ya mhimilishaji, kila ng'ombe apigwe picha kazi ikiisha. Simu zote za mezani kwa Sylvia ziliunganishwa na sistimu hiyo. Iliyojibiwa ilitokea kwenye skrini ya Wendy kama mstari wa kijani. Isiyojibiwa ilitokea kama mstari mwekundu.

"Sheria ni moja tu," Wendy alimwambia Sylvia siku ya kwanza. "Simu ikilia, ishikwe kabla ya mlio wa tatu. Mteja asiyeshikiwa simu ameshaenda kwa mwingine. Miezi yako mitatu ya majaribio ikiisha, mimi sitauliza watu kama wewe ni mzuri. Nitaangalia hii."

Akagonga skrini kwa ukucha. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Simu yake ya mkononi ikalia mara moja, ikanyamaza. Aliitupia jicho, akabonyeza kitu, akaisikiliza kidogo, akabonyeza tena, akailaza kifudifudi mezani, na kuendelea kueleza juu ya picha za ng'ombe.

Sylvia alijifunza. Wiki za kwanza aliandika kwenye karatasi maneno atakayosema, akayabandika ukutani mbele yake, na kila simu ilipolia alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya Mto Naro Moru asubuhi. Mwezi wa pili alikuwa akishika kwenye mlio wa kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Mistari yake ilikuwa ya kijani tangu juu hadi chini kama shamba la nyasi.

Simiyu hakuingia kwenye sistimu vizuri. Alifika ofisini asubuhi, akajaza mtungi wake mdogo, akaondoka, akarudi jioni na matope hadi magotini, akasema, "Leo nimepandisha Kiamathaga, na ile nyeusi ya Mutahi," basi. Nani alimwita, na saa ngapi, Sylvia hakujua. Simu yake aliisikia ikilia mara moja tu na kunyamaza, na mzee hakuwahi kuiweka sikioni.

"Sisi tunaitwa na sistimu," Steve alisema siku moja wakinywa chai. "Huyu buda anaitwa na mizimu."

"Mizimu yangu haihitaji bando," Simiyu akajibu, akichovya mkate.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu ilipoisha, ndugu yake Simiyu alifariki huko Kimilili. Palikuwa na mazishi, na baada ya mazishi palikuwa na mambo ya shamba yasiyoweza kungoja. Aliomba likizo yake yote. Laini ya kazi ilikuwa mali ya ofisi, kwa hiyo alitakiwa kuiacha. Alikuja asubuhi akiwa amevaa koti la suti na viatu vilivyong'arishwa, akaiweka kabambe mezani kwa Sylvia kwa mikono miwili.

"Mama, hii nakuachia. Usitoe kadi, maana majina yamo ndani ya simu yenyewe. Ikilia, angalia tu ni nani. Wao wanajua."

"Wanajua nini, mzee?"

Lakini nje gari la Nakuru lilikuwa likipiga honi. Simiyu alichukua begi lake.

"Na usiiweke juu ya mtungi," alisema akiwa mlangoni. "Inaogopa baridi."

Siku hiyo hiyo Wendy, akiwa Nyeri, aliiunganisha laini hiyo na sistimu. Sasa ilikuwa simu ya mezani kama nyingine.

Ililia kabla ya chai ya saa nne. Kwenye kioo chake kidogo jina lilisema MUTAHI MBWA MKALI. Sylvia aliishika kwenye mlio wa kwanza.

"Kingori Huduma za Mifugo, habari ya asubuhi, nikusaidie vipi?"

Alisikia pumzi. Alisikia kuku. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Ai," kwa masikitiko, kama mtu aliyemwaga kitu, na simu ikakatika.

Akampigia, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa. Simu ya Mutahi iliita mpaka mwisho wala hakuishika. Sylvia akaandika kwenye sistimu: mteja hapatikani. Mstari ukawa wa kijani, kwa sababu alikuwa ameishika.

Ikawa hivyo kwa KABURA MLANGO BLUU, na kwa NYAMBURA KANISA NYUMA, na kwa mwingine aliyeitwa DENI YA MAJANI. Alishika, wakaguna, ikakatika. Alipowapigia, hawakushika. Alifikiri ni netiweki ya mlimani. Siku ya tatu kabambe ilikaa kimya kutwa nzima, na Sylvia, ambaye maisha yake yote alikuwa ameutamani ukimya wa simu, aliona haupendezi.

Asubuhi iliyofuata mama mmoja mzee aliingia ofisini na gamubuti zake, kitambaa kichwani, na fimbo ya kufukuzia ng'ombe mkononi. Alisimama katikati ya chumba akimtazama Sylvia kuanzia nywele hadi viatu.

"Ni wewe unakaa na simu ya Simiyu?"

"Ndiyo, shosho. Karibu ukae."

"Sitaki kukaa. Nimetembea kutoka Gakawa kuja kuona mtu mwenye alikula kredo yangu ya simu."

Steve, aliyekuwa akipiga glavu poda kwenye kona, aligeukia ukuta ili asionekane akicheka.

"Shosho, mimi sikula," Sylvia alisema. "Ulipiga, nikashika, halafu ikakatika. Nilijaribu kukupigia."

"Sikupiga. Nani amekuambia nilipiga? Niliflashi, nikitaka ilie mara moja nikate. Kupiga ni ya watu wa mshahara." Mama Kabura, maana ndiye yeye, alivuta kiti alichokikataa, akakaa. "Sikiza, mami. Mimi nikiweka kredo, hiyo kidogo nabakisha, hiyo ni ya kuflashi. Hiyo haiguswi. Ni kama mbegu ya viazi, unaweza kulala njaa na iko kwa gunia. Naweza kuflashi nayo mpaka mwaka iishe. Sasa wewe mtu anaflashi mara moja, wewe unashika mbio mbio kama polisi."

"Sikujua."

"Hukujua. Na ukanirudishia. Si ulinirudishia?"

"Nilikupigia, ndiyo. Hukushika."

"Nishike ya nini? Simiyu akirudisha, hiyo ni kusema anakuja. Mimi naenda kufunga ng'ombe, naweka maji ya moto na sabuni, naita mtoto wa jirani anishikie mkia. Wewe ulirudisha ikalia mrefu sana. Nikasema, ati leo Simiyu ako na haraka, anakuja akikimbia." Aligonga fimbo sakafuni. "Nilifunga ng'ombe mpaka ikaanza kunililia. Mtu hakuja. Jioni joto imeisha."

Mashine ya kinyozi ilinguruma ukutani. Steve hakuwa akicheka tena.

Mama Kabura alieleza yote, polepole, kama anayemfunza mtoto kukamua. Mlio mmoja: ng'ombe ameingia joto. Miwili: yule uliyempandisha amerudi tena, hakushika mimba. Mitatu: kuna shida, ng'ombe anazaa vibaya, acha kila kitu. Na huku ofisini mlio mmoja wa kurudisha: nimeona, nakuja. Kama haji, harudishi, na mkulima anatafuta dume la jirani mapema.

"Na usifikirie ni ujinga ya wazee," alisema akiinuka. "Ni Kingori mwenyewe alitufundisha, wakati kupiga simu ilikuwa bei ya chupa mbili za maziwa. Alikuja kwa mkutano pale kanisani, akatushikisha simu moja moja, tukaflashi mpaka tukajua."

Mlangoni aligeuka.

"Hata Mutahi alifunga yake. Na yeye hakuja kukuambia kwa sababu ana hasira, si kwa sababu ana heshima."

Alipoondoka, Sylvia aliichukua kabambe akapitia majina. Hakuona namba ya mtu tu. Kila jina lilikuwa ni njia: mlango wa bluu, nyuma ya kanisa, mbwa mkali. Aliwaza juu ya wanne wale, kila mmoja na ng'ombe wake kafungwa, maji yakipoa ndooni, wakitazama barabara. Yeye ndiye aliyewaahidi. Aliwaahidi kwa simu, tena kwa bidii.

Alimwandikia Wendy ujumbe. Aliuandika, akaufuta, akauandika upya, na mwishowe ukawa hivi: "Habari madam. Wateja wa laini ya Simiyu huwa hawapigi, wanaflashi. Haifai kuwashikia. Naomba mwongozo." Wendy alijibu papo hapo kwa kidole gumba cha njano. Sylvia alikitazama kile kidole muda mrefu. Kilikuwa hakina maana yoyote, kama kawaida yake.

Kabambe ililia tena siku mbili baadaye. NYAMBURA KANISA NYUMA. Mkono wa Sylvia ulikwenda wenyewe, maana ulikuwa umefunzwa, na ilibidi aukamate kwa mkono mwingine. Mlio mmoja, kimya. Kwenye skrini ya mezani mstari mwekundu ulijichora juu ya ile yote ya kijani. Alimrudishia Nyambura mlio mmoja, akakata. Mzee alizoea kumtaja Nyambura wa Kiamathaga.

"Steve, kuna ng'ombe Kiamathaga."

"Nitumie lokesheni."

"Nyuma ya kanisa."

"Kanisa gani? Kiamathaga iko na makanisa kuliko watu."

"Ukifika uliza Nyambura."

Steve aliutazama ule wekundu kwenye skrini, kisha akamtazama yeye.

"Sylvia, unajua hiyo itakutoa kazini? Miezi yako inaisha mwezi huu."

"Najua."

"Shika tu, uwaambie wakate wewe uwapigie."

"Nikishika nimeshaila kredo yao. Na nikiwapigia wanadhani unakuja."

"Si basi niende tu?"

"Basi nenda," akasema, na Steve akaenda, akilalamika hadi pikipiki ilipomeza maneno yake.

Mwezi uliendelea hivyo. Waliokuwa wamekasirika walianza kurudi mmoja mmoja. Steve alizoea kusaka mbwa wakali na milango ya bluu, na akaanza kuwaambia watu kwamba yeye sasa anatumwa na mizimu. Kazi za eneo la Simiyu Sylvia aliziandika mwenyewe kwenye sistimu, ili mzee akirudi asiambiwe hana wateja. Lakini mistari myekundu ilikuwa inahesabiwa na mashine, na mashine haiulizi. Simu za kijani zilikuwa nyingi zaidi, ni kweli, ila jicho la mtu haliangalii kijani.

Alifikiri mara kadhaa kumpigia Wendy. Kila mara aliandika kwanza maneno kwenye karatasi, na kila mara karatasi iliishia mfukoni. Usiulize kwa nini mtu aliyeweza kushika simu za wageni mia hakuweza kumpigia mmoja anayemjua. Ndivyo alivyokuwa.

Wendy alikuja mwenyewe siku ya mwisho wa mwezi, akiwa na kompyuta yake na chupa ya maji. Alikaa mbele ya Sylvia, akafungua skrini, akaigeuza ili wote waione.

"Hebu niambie," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomwogopesha Sylvia. "Miezi miwili uko safi kabisa. Nilikuwa naambia watu juu yako. Halafu mwezi wa tatu, hii. Inakaa kama mtu aliyetokwa na damu ya pua. Kulitokea nini? Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, madam. Nilikutumia ujumbe."

Wendy alitafuta kwenye simu yake, akausoma, midomo ikisonga kidogo.

"Nilifikiri unaniambia juu ya netiweki," alisema. "Sawa. Wanaflashi. Wewe si ushike?"

Sylvia alifungua kinywa, na hapo kabambe ikalia. Ilikuwa mezani katikati yao, raba yake ya sukumawiki ikitetemeka. KABURA MLANGO BLUU. Wiki tatu zilikuwa zimetimia tangu joto lile lipite.

"Shika," Wendy alisema.

Sylvia hakushika. Kabambe ilinyamaza, na kwenye kompyuta mbele yao wote wawili mstari mpya mwekundu ukajiongeza chini ya mingine. Aliichukua simu, akarudisha mlio mmoja, akakata. Kisha akamwandikia Steve: Kabura, joto, harakisha, usimkosee tena.

"Umeniona nimekaa hapa?" Wendy aliuliza.

"Ndiyo, madam."

"Na umesikia nimesema shika."

"Nimesikia. Nikishika namalizia kredo yake. Mwezi huu nilishika, nikampigia, akafikiri ni Simiyu amesema anakuja, akamfunga ng'ombe kutwa. Hakuna mtu alikwenda. Walikuwa wanne. Sasa hivi anaweka maji ya moto kwa ndoo, Steve atafika, na hakuna mtu atakuwa ameongea." Ilikuwa ni hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ofisini, na aliisema akiangalia meza. "Wao hawakosi kushikiwa simu. Wanashikiwa hivyo."

Wendy aliegemea kiti.

"Sylvia, mimi nakuelewa. Lakini siwezi kuendesha ofisi kwa ishara kama watu wanaotoroka mahabusu. Hao wazee watajifunza. Watoto wao wana simu nzuri. Na mimi nikikuachia wewe sheria moja, Steve ataniomba yake, na huko Nyeri pia kila mtu yake. Nilisema nitaangalia hii." Aligonga skrini kwa ukucha, kama siku ile ya kwanza. "Sitaki kukuandikia kitu kibaya. Lakini kukuthibitisha siwezi."

Sylvia aliitikia kwa kichwa. Hakulia, hilo angelifanya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Wendy alianza kuandika. Kinyozi alizima mashine yake kwenda kula, na ofisi ikawa kimya kuliko ilivyowahi kuwa.

Simu ya Wendy ikalia. Mara moja, ikanyamaza. Aliitupia jicho, akaichukua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiendelea kuandika, akabonyeza, akaisikiliza ikiita mara moja, akakata, akailaza kifudifudi.

"Hukuishika," Sylvia alisema.

Hakukusudia kusema kwa sauti. Wendy aliinua macho.

"Nini?"

"Hiyo simu. Hukuishika."

"Ah, huyo ni baba tu."

"Amesema nini?"

"Amesema ameshajidunga sindano na amekula. Kila siku saa hizi ananiflashi, namrudishia ajue nimeo—"

Hakumalizia. Mkono wa kulia ulisimama juu ya vitufe. Aliigeuza simu yake ikaangalia juu, akaitazama, kisha akaitazama kabambe, ambayo haikuwa mbali nayo.

"Ukimshikia?" Sylvia aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nikimshikia ananigombeza." Wendy alifuta paji la uso. "Ananiambia, Wendy, nilitaka kukusalimia, sikutaka kukuhutubia." Aliigusa simu kwa ukucha. "Nilikuwa nimesahau hiyo inaitwa kuflashi. Kwangu ni baba amekula."

"Shosho Kabura anasema ni yeye aliwafundisha wote. Kanisani, Gakawa."

"Huyo mzee," Wendy alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulilegea. "Nilikuwa mdogo. Mimi ndiye nilikuwa nashika ile simu nyingine huku nyuma ya kanisa, nahesabu. Alinipa soda."

Kisha Wendy alifanya kazi yake, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi. Aliitoa laini ya Simiyu kwenye sistimu, jambo lililohitaji kubonyeza mara tatu tu. Mistari myekundu iliyokwisha kuchorwa haikuweza kufutika. Alijaribu, ikakataa, na akasema ibaki. Kumthibitisha Sylvia na wekundu ule wote asingeweza kuwaeleza wengine, kwa hiyo aliandika kwamba majaribio yameongezwa miezi mingine mitatu. Hilo lilimuumiza Sylvia, na Wendy aliliona, lakini hakulibadilisha.

"Na Simiyu akirudi atapiga picha za ng'ombe kama watu wengine," alisema akifunga kompyuta. "Wewe ndiye utamfundisha."

"Sawa, madam."

"Na siku nyingine usinitumie ujumbe. Nipigie."

Sylvia alisita.

"Ama niflashi," Wendy akasema, akatoka.

Steve alirudi jioni akinuka sabuni na zizi. Mama Kabura alikuwa tayari na kila kitu, alisema, maji yalikuwa moto mpaka yakamchoma. Hakumsemesha neno hadi alipomaliza, ndipo akamwuliza kama yule msichana wa ofisini bado yuko.

"Ukasemaje?"

"Nikasema yuko. Akasema, haya, basi."

Simiyu aliporudi ilikuwa siku ya mvua nyembamba, mlima wote umefichwa. Sylvia hakujua atafika saa ngapi. Alikuwa akiandika kazi za asubuhi kabambe ilipolia mara moja na kunyamaza, na kwenye kioo chake kidogo likatokea jina alilolihifadhi mwenyewe wakati mzee alipompigia kutoka Kimilili kumwambia mazishi yamekwisha: SIMIYU MWENYE SIMU.

Hakuishika. Alirudisha mlio mmoja, akakata, akainuka akaweka maji ya chai motoni.